Habari Iliyokwenda Mbio Kuliko Gari la Riposte

Tarehe 26 Desemba 2018, siku moja baada ya Krismasi, Tume Huru ya Uchaguzi ya Kongo, CENI, ilitangaza kwamba wakazi wa mji wa Beni, wa wilaya ya Beni na wa Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na wenzao. Wao wangesubiri hadi Machi 2019, wakati rais mpya angekuwa ameshaapishwa tangu Januari. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: Ebola na usalama. Kwa tangazo hilo moja, wapiga kura zaidi ya milioni moja waliwekwa nje ya uchaguzi wa rais, na wote wanatoka eneo ambalo kila mtu alijua kuwa ni ngome ya upinzani.

Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Beni walikowekwa watu waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo. Kituo kiliharibiwa, na baadhi ya waliokuwa ndani wakakimbia. Kisha siku ya kura ikafika, na watu wa Beni wakafanya jambo ambalo yeyote anayetaka kuelewa namna fikra zinavyosambaa katika jamii anapaswa kulitazama kwa makini. Walijiandalia uchaguzi wao. Walipanga mistari mirefu, wakanawa mikono kwanza kwa ajili ya Ebola, halafu wakapiga kura ambazo walijua fika kwamba hakuna atakayezihesabu Kinshasa.

Mtu yuleyule aliyekuwa akisema mtaani kwamba Ebola ni siasa alinawa mikono ili Ebola isimpate. Wageni wengi waliona hapo vurugu ya mawazo. Mimi naona watu waliokuwa wakijibu maswali mawili tofauti kwa wakati mmoja. Maneno yao yalihusu serikali, na mikono yao ilihusu ugonjwa. Waliowahudumia walichelewa mno kutambua tofauti hiyo, na kuchelewa huko kulikuwa na gharama ya roho za watu.

Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, mji mdogo ulio magharibi ya Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini tangu Ebola ilipojulikana Yambuku mwaka 1976. Ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, karibu miaka miwili baadaye, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Ni ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 tu uliouzidi kwa ukubwa. Na tofauti na wenzao wa Guinea, Liberia na Sierra Leone, madaktari wa Beni walikuwa na chanjo mkononi tangu wiki ya pili. Ugonjwa uliokuwa na chanjo ulidumu karibu miaka miwili. Jibu la swali la kwa nini haliko katika maabara peke yake.

Mwaka huohuo wa 2018, nusu ya kwanza ya Septemba, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo. Mtu mmoja katika kila wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima, na katika kuzunguka kwake ikageuzwa kuwa hadithi ya watu wajinga. Lakini katika utafiti uleule, ni kama theluthi moja tu ya waliohojiwa waliosema wanaamini kwamba viongozi wa hapo wanatetea maslahi yao, na wasiowaamini viongozi ndio waliokuwa wazito zaidi kukubali chanjo. Takwimu ya kwanza ilitangazwa kote, hii ya pili ikafichika, na mimi naiona ndiyo yenye uzito.

Tukumbuke Beni ilikuwa wapi wakati huo. Tangu Oktoba 2014 raia walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki katika vijiji na mitaa ya pembezoni, mauaji ambayo serikali na Umoja wa Mataifa wamewabebesha zaidi waasi wa ADF wenye asili ya Uganda. Mama aliyekwenda shambani kuchuma kakao hakujua kama atarudi. Watu waliandamana, walitangaza siku za ville morte na kufunga maduka, waliwazika ndugu zao makumi kwa makumi. Miaka minne walilia na msaada wa maana hawakuuona. Kisha ukaja ugonjwa, na ndani ya wiki chache barabara zikajaa magari meupe, hoteli zikajaa wageni, nyumba zikapandishwa kodi, na vijana waliopata kazi katika riposte, kama shughuli ya kupambana na Ebola ilivyoitwa, wakalipwa kwa dola. Muuza mboga wa soko la Kilokwa hakuhitaji kuambiwa na mwanasiasa kwamba kuna jambo. Aliuliza mwenyewe: tulipokuwa tunachinjwa mlikuwa wapi?

Swali hilo ndilo lililoibeba ile kauli ya "Ebola biznesi" kutoka mdomo hadi mdomo. Ilikuwa kauli fupi, nyepesi kukumbuka, na kila aliyeisikia alikuwa na ushahidi wake wa kuongezea. Mmoja alilijua gari lililokodishwa kwa bei ya kutisha. Mwingine alimjua mtoto wa kiongozi aliyeajiriwa bila kusomea chochote. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. CENI ilipotangaza uamuzi wake siku ile ya Desemba, likaja. Tangu hapo, aliyekuwa akibisha kwamba Ebola si mambo ya siasa alikosa la kusema.

Siku hizi wataalamu wanapenda kusema uvumi ni ugonjwa unaoambukiza kama virusi. Sikubaliani nao. Kirusi hakimchagui mtu, kinamwingia aliyeamini na asiyeamini. Uvumi unachagua sana. Habari ngapi za uongo zilisemwa Beni mwaka ule zikafa siku hiyohiyo, hakuna aliyezirudia! Zilizodumu ni zile zilizoshika mahali ambapo watu tayari walikuwa na kidonda. Na anayeuita uvumi ugonjwa atatafuta dawa ya kuwadunga wasikilizaji, badala ya kujiuliza yeye mwenyewe amefanya nini hata watu wakaamini wanachoamini.

Wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala wanalijua jambo hili kwa jina lao. Bibi zao waliwasimulia habari za mumiani na wazimamoto, watu waliosemekana kuzunguka usiku na gari wakikamata wapita njia ili wawanyonye damu. Huko Katanga waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White, aliyezikusanya hadithi hizo kutoka Uganda, Kenya na kwingineko na kuziandikia kitabu mwaka 2000, hakupoteza muda kuuliza kama mumiani walikuwepo kweli. Aliuliza hadithi zilikuwa zinasema nini juu ya maisha ya mkoloni na mtawaliwa: sindano zilizopigwa bila maelezo, magari yasiyo na madirisha, kazi za usiku, amri za watu wasiojulikana. Sasa mtazame mtu wa Katwa, pembeni ya Butembo, mwaka 2019. Gari linakuja, wanashuka watu waliofunikwa toka utosini hadi vidoleni, sura hazionekani. Wanamchukua ndugu yake. Baada ya siku chache anapewa habari kwamba amekufa, na maiti imefungwa katika mfuko usiofunguliwa. Kilichosemwa baadaye mitaani kwamba viungo vimetolewa, kwamba majeneza yanazikwa na mawe, mababu wa Afrika Mashariki wangekielewa mara moja.

Butembo yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu si mji wa kawaida. Ni mji wa wafanyabiashara Wanande, uliokua bila serikali kuujenga. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey aliandika kuhusu wafanyabiashara hao tangu miaka ya 1980, wakati ambapo Zaire ya Mobutu ilikuwa inabomoka na wao wanapanda. Leo makontena yao yanatoka Dubai na Guangzhou, na mali nyingi hupita mikononi kwa kuaminiana, ndugu kwa ndugu, muumini kwa muumini wa kanisa lake. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu kutengeneza barabara kwa nguvu zao wenyewe, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa hapo mwaka 1989. Watu waliozoea kujitengenezea barabara na chuo hawakumngojea mtu wa Kinshasa awaambie lipi la kweli. Wana mahali pao pa kupimia habari: uwanja wa kanisa baada ya misa, Radio Moto ya jimbo, simu iliyojaa sauti za WhatsApp, wenye pikipiki wanaongoja abiria kwenye rond-point, yaani mzunguko wa barabara, na vikao vya vijana vya hadharani kama Parlement Debout ya Furu, ambako jambo la siku hujadiliwa kwa kusimama mpaka kila mwenye neno aseme. Habari isiyopita huko, hata ikiwa na mhuri wa wizara, ni karatasi tu.

Riposte ilipita kando. Ilikuja na vipaza sauti, mabango ya Kifaransa na Kiswahili cha mbali, na mara nyingi ikawa na askari wa kuisindikiza. Chanjo nayo, kwa mpango wake wenyewe, ilizua maswali. Ilitolewa kwa mzunguko: aliyemgusa mgonjwa, kisha waliomgusa huyo. Kitaalamu ni njia nzuri, ndiyo iliyoimaliza ndui. Lakini katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, mtu aliona jirani anachanjwa na yeye anaachwa, akauliza kwa nini. Wasipomjibu, alijijibu: labda wamechaguliwa wa kupona, au labda wa kufa.

Matokeo yake hayakukaa katika maneno. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya siku tatu, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi zao hapo. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu cha Butembo wakati kikao cha riposte kikiendelea, wakamuua Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Aliacha nchi yake kuja kuwatibu watu wasiomjua. Hakuna kidonda cha siasa kinachohalalisha kifo chake, na ninaliandika hili ili mtu asije akadhani kwamba kumwelewa mwenye hasira ni kumsamehe muuaji.

Jambo moja lililokuwa baya kuliko yote lilikuwa namna uvumi ulivyojithibitisha wenyewe. Watu walisema: anayeingia kituo cha Ebola hatoki. Kwa hiyo mgonjwa alifichwa nyumbani, au alipelekwa kwa tradi-moderne, vile vizahanati vya mtaani vinavyochanganya dawa za mitishamba na sindano za duka la dawa, ambavyo ni karibu, bei yake ni nafuu na mganga wake ni jirani. Huko Ebola iliwapata wengine, hata watoto wengi wa Beni waliopelekwa kwa homa tu. Mgonjwa alipozidiwa ndipo alipofikishwa kituoni, siku ya sita au ya saba, na huko akafa. Familia ikarudi mtaani na ushahidi: hamkuona? Kila mauti ya aliyechelewa iliwafundisha wengine kuchelewa.

Mnyororo huo haukukatwa na tangazo la redio. Ulikatwa na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao.

La kwanza ni chumba. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba cha plastiki angavu kiitwacho CUBE, chenye kitanda kimoja. Katika kuta zake kumeshonwa mikono mirefu ya glavu, hivyo muuguzi husimama nje akaingiza mikono yake na kumpa mgonjwa maji, kumpima, kumgeuza, bila kuvaa yale mavazi yanayoficha uso. Na mke, au mama, huketi upande wa pili wa plastiki akamwona mgonjwa wake, akamsemesha, akaomba naye. Akifa, wamemwona akifa. Hakuna jeneza la mawe hapo. Kwa mazishi vilevile, baada ya wenyeji kulalamika sana, Msalaba Mwekundu ulianza kutumia mifuko yenye sehemu angavu usoni ili familia imtambue ndugu yao kabla hajafukiwa. Kipande cha plastiki tu, lakini kilizima maneno ambayo mikutano mingi ilishindwa kuyazima.

La pili ni waliopona. Miili yao ilikuwa na kinga, kwa hiyo waliweza kuingia kwa wagonjwa bila hofu kubwa, na waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao wamelazwa. Watu 1,171 walitoka vituoni wazima. Kila mmoja alirudi kwenye mtaa wake, kwenye kanisa lake, kwa wanaomjua tangu utoto. Wengine walitengwa mwanzoni, na hilo liliumiza. Lakini huwezi kubishana muda mrefu na jirani anayesema nilikuwa ndani na hawakunitoa figo.

Ndugu zetu wa Somalia wanamkumbuka Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipopona, miaka ya baadaye alizunguka kuwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, akitumia habari yake mwenyewe, na alifariki Julai 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo. Hakuna bango linaloweza kusema alichokuwa akisema yeye.

La tatu lilikuja Agosti 2019. Majaribio ya dawa yaliyofanyika Beni, Mangina, Katwa na Butembo yalionyesha kwamba dawa mbili kati ya nne zinaponya, na kwamba anayewahi, kabla virusi havijajaa mwilini, ana nafasi ya kupona karibu tisa katika kumi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwepo tangu Yambuku 1976 na aliyekabidhiwa uongozi wa riposte Julai 2019, alitangaza kwamba Ebola sasa inatibika. Moja ya dawa hizo ilitokana na kinga iliyopatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Damu ya Mkongo ilichukuliwa kweli, kwa ridhaa yake, ikarudi kama tiba kwa Wakongo. Baada ya hadithi zote za mumiani, natamani kila shule ya Kivu ingewafundisha watoto jambo hilo. Na hapo ule mnyororo ukageuka: aliyewahi alipona, na aliyepona alimshawishi mwingine awahi.

Jambo hili la kushawishiwa na jirani si la Afrika peke yake. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wakulima 259 wa jimbo la Iowa na mbegu mpya ya mahindi chotara. Mbegu ilikuwa bora, lakini mkulima wa kawaida alikaa miaka mingi kati ya kuisikia na kuipanda. Wengi waliisikia kwanza kwa wauzaji. Waliowashawishi waipande walikuwa majirani. Mtu mmoja anatosha kukupa habari. Kuiamini kiasi cha kuhatarisha shamba lako au mtoto wako kunadai watu kadhaa unaowajua. Ndivyo ilivyo Iowa na ndivyo ilivyo Beni.

Lazima pia tuseme kwamba baadhi ya yaliyosemwa mitaani yalikuwa kweli. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa riposte, wanawake wakiahidiwa kazi kwa miili yao. Watuhumiwa walikuwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wanawake wa Beni na Butembo walikuwa wameyasema hayo mapema, na yaliwekwa kwenye kapu moja na maneno ya majeneza ya mawe. Anayeita kila neno la mtaani uvumi hujinyima masikio.

Ebola imerudi baadaye. Februari 2021 ilizuka tena upande wa Butembo: wagonjwa 12, vifo 6, na Mei ikatangazwa imekwisha. Oktoba mwaka huo ilizuka Butsili, Beni: wagonjwa 11, vifo 9, ikaisha Desemba. Agosti 2022 mgonjwa alikuwa mmoja tu. Chanjo ilisaidia, na uchunguzi wa haraka wa maabara ya Goma, na kwamba watu wengi tayari walikuwa na kinga. Lakini safari hizi walioongoza walikuwa zaidi wauguzi na madaktari wa hapohapo, wanaosalimiwa kwa majina sokoni, na magari meupe yalikuwa machache.

Wapo pia wanaoitwa RECO, wahamasishaji wa afya wa mtaa, mama na baba wanaopita nyumba kwa nyumba na kujua nani ana homa, nani amezaa, nani amekosana na zahanati. Wengi hujitolea bila mshahara. Kunapokuwa na mlipuko wanapewa kofia, fulana na posho. Mlipuko ukiisha vinakwisha vyote pamoja nao. Wizara ya Afya na wafadhili wake wanaoandika bajeti ya dharura inayofuata waanze na hao: wawalipe katika mwaka usio na ugonjwa, wawasikilize wanapoleta maneno ya mtaani hata yasiyopendeza, na wafanye hivyo kabla Beni haijapata mgonjwa mwingine wa kumficha.